Mgongano wa Maslahi

Mhariri anataka maneno elfu moja mia mbili,
marejeo yasizidi kumi na tano,
ifikapo Ijumaa, saa sita usiku.
Barua yake ina adabu. Anasema "maoni ya mtaalamu",
nami nikageuka nyuma kuona anamwita nani.

Dundee imeingia giza tangu saa kumi jioni.
Mto Tay uko hapo chini ya dirisha, siuoni,
naona tu taa za daraja zikihesabiana hadi ng'ambo.
Bomba la joto linagonga ukutani
kama mpangaji anayedai kunyamaziwa.

Nimeanza mara nne.
"Sumukuvu katika mahindi ni tatizo linalopuuzwa."
Na nani? Sentensi haisemi.
Kiingereza cha majarida kina mlango wa nyuma,
vitendo hutokea humo bila watendaji:
sampuli zilichukuliwa, magunia yalifunguliwa,
watoto walikutwa wamekwisha kuugua.
Lugha yetu nayo inaweza, najua,
lakini mama akisikia "sahani imevunjwa"
huuliza papo hapo: na nani?

Iain Petrie, mwandishi mwenzangu, mtu wa Arbroath,
mtu mwema, ingawa samaki wake wa moshi huudhi idara nzima,
amenirudishia rasimu imejaa wekundu.
Niliandika: inaua.
Ameweka: inahusishwa na vifo.
Pembeni akaongeza, "Wahakiki watatukaba hapa."
Ana haki. Nikabofya kukubali,
kitenzi kikaondoka bila kuaga.

Aya ya tatu ni ya unyevu.
Asilimia kumi na tatu na nusu, basi, kabla ya kufunga gunia.
Rejeo la nne, la tano, la sita.
Nzioki, mpagazi wa ghala kule Kibwezi, hakuwa na kipimo.
Alitia mkono guniani hadi kiwiko,
akasubiri kidogo, akasema, "Hili linatoka jasho,"
na mashine yetu ya pauni elfu tisa
ikakubaliana naye mara kumi na saba kati ya ishirini.
Zile tatu, tulipopima upya,
mashine ndiyo iliyokosea.
Sasa namweka wapi?
Jarida lina kanuni ya vitabu, ya makala, ya takwimu za serikali;
mkono hauna mwaka wa kuchapishwa.
Nimeandika "mawasiliano binafsi".
Maneno mawili. Nafasi ipo.

Huenda. Yamkini. Kwa kiasi fulani.
Kuna ushahidi unaoashiria.
Naongeza maji kwenye uji
hadi unapita kwenye chujio bila kuacha kitu.

Kisha, mwisho kabisa wa fomu, kisanduku:
"Mwandishi atangaze mgongano wowote wa maslahi."
Hisa? Sina.
Kampuni ya mbegu iliyonilipia nauli? Haipo.

Kavata, mtoto wa kaka yangu Kisilu,
miaka sita, macho ya manjano, tumbo limejaa maji,
mwaka ule wa mahindi mabaya.
Nilikuwa kidato cha tatu, nimefunga shule.
Ule ugali niliusonga mimi.

Kisanduku kinapokea herufi mia mbili na hamsini.
Niliyaandika hayo yote, yakaenea, nafasi ikabaki.
Nikayatazama mpaka skrini ikajizima.
Saa sita kasoro dakika saba nikayafuta,
nikaandika, "Hakuna,"
maana wanachouliza ni fedha.

Halafu nikapanda hadi aya ya kwanza,
nikakitafuta kitenzi changu, nikakirudisha mahali pake.
Inaua.
Kesho Petrie atabisha hodi akiwa na uso mrefu.
Nikatuma.
Jibu likaja kabla sijavua miwani,
la mashine, limeniita Mpendwa Mwandishi.

Njaa ikanikumbuka.
Jikoni kuna unga wa mahindi nilionunua Hilltown,
mfuko mzima, muhuri wa ukaguzi, tarehe bado mbali.
Sufuria inachemka.
Nafungua mfuko, natia mkono hadi kifundo,
nasubiri kidogo.